TAHADHARI: jarida la 1983 lenye saini ya mtu aliyefariki 1975

Assalaam alaykum. Wenzangu wa Doctor Who, Star Trek na tamthilia zote za anga za juu, mlioko Unguja na Pemba, someni hapa kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna mtu anauza majarida ya mashabiki ya kuadhimisha miaka ya tamthilia hizi. Mimi keshanila laki moja na themanini na tano.

Alianza kwa tangazo alilolitupia kwenye grupu letu la wasapu: jarida la mashabiki wa Uingereza, la 1983, la kusherehekea miaka 20 ya Doctor Who, kurasa 40, limetiwa saini na Madaktari wote watano, yaani waigizaji waliokuwa wameshaigiza kama Daktari, mhusika mkuu, mpaka wakati ule. Alisema yeye yuko Mkoani, Pemba, na kwamba marehemu mjomba wake alikuwa baharia, kalileta kutoka London, likakaa sandukuni miaka yote hiyo. Bei laki na sitini.

Mtaniuliza, wewe mtu mzima uliingiaje? Niliingia kwa sababu hadithi yake ilikuwa na kichwa na miguu. Tamthilia hii ilianza 23 Novemba 1963, siku 17 tu kabla ya uhuru wetu wa Disemba 10, kwa hiyo ni rika la baba yangu, na tangu utotoni nimeiona kama kitu cha nyumbani. Halafu jamaa mwenyewe akanikumbusha habari za Jos. Wanaoifuatilia wanajua: BBC walifuta kanda nyingi za miaka ya 60, na 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana kule Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. "Sheikh," akaniandikia, "kama Jos vimekaa, Pemba kitu kishindwe kukaa?" Wallahi hapo alinimaliza. Tapeli aliyesoma ni balaa zaidi kuliko asiyesoma.

Nikamwomba tuonane kwa video. Mtandao mbovu. Nikamwambia nina binamu Chake Chake, atakuja kulitazama. Eti yeye keshatoka kwenda Wete kwenye msiba, na isitoshe kuna Mzungu Nungwi anataka kulichukua kwa dola, ila yeye anaona bora libaki kwa Mzanzibari mwenzake. Ilikuwa saa tano ya usiku. Nikatuma. Asubuhi akadai elfu ishirini na tano nyengine ya boti na ya kulifunga lisilowe. Nikatuma tena, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, maana nilikuwa nimeshalala na kuamka na bado sikushtuka.

Bahasha ilifika kweli, nikaichukua Malindi bandarini. Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu mtu huyu hapotei na pesa hivi hivi. Anakuletea kitu, ili ukilalamika aseme mzigo uliupokea.

Ndani mlikuwa na fotokopi ya rangi, imekunjwa kati na kupigwa pini. Mama yangu, ambaye hajui Dalek, yule adui mkubwa wa Daktari, ni mnyama au ni gari, aliishika mara moja tu. "Mwanangu, pini za mwaka huo katika hewa ya Mkoani zingekuwa zimeshaliwa na kutu. Vyeti vyenu vya skuli vya juzi tu vishatia doa." Pini zilikuwa zinang'aa kama sindano mpya.

Nikaanza kusoma sasa, kwa hasira. Ukurasa wa kwanza saini ya William Hartnell, Daktari wa mwanzo, na chini yake mwaka 1983 umeandikwa kwa kalamu ile ile. Hartnell alifariki Aprili 1975! Hata kwenye kipindi chenyewe cha maadhimisho ya miaka 20, nafasi yake ilichukuliwa na Richard Hurndall kwa sababu hiyo. Ukurasa wa kati mna picha ya Madaktari watano wamesimama pamoja, na maelezo kwamba Tom Baker, Daktari wa nne, "anafurahi na wenzake". Baker alikataa kushiriki kipindi kile cha maadhimisho. Kwenye picha hiyo, ambayo ni ya matangazo ya kipindi, waliweka sanamu yake ya nta kutoka Madame Tussauds. Picha ni ya kweli, lakini shabiki wa 1983 aliyekuwa akilia kwamba Baker hayumo asingeiandikia maneno kama yale. Halafu nyuma kabisa kuna Dalek wa rangi ya shaba, yule tuliyeanza kumwona tamthilia iliporudi 2005. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipompigia, simu iliita mara mbili, kisha nikafungiwa. Polisi nimekwenda, namba yake nimeituma 15040, ya kuripoti matapeli wa simu, na aliyeikusanya bahasha ile bandarini kasema ililetwa na kijana wa bodaboda asiyemjua.

Sasa sikilizeni, maana bado yuko kazini. Jana dada mmoja wa Kiembesamaki kanionyesha tangazo jipya: jina jengine, picha ya wasifu nyengine, lakini "marehemu mjomba baharia" ni yule yule. Safari hii anauza jarida la miaka 30 ya Star Trek, la 1996, lenye saini ya Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek. Roddenberry alifariki Oktoba 1991. Yaani jamaa hata hajisumbui kuangalia.

Akikufuata, mwambie akupigie picha ya pini karibu, na jarida likiwa juu ya gazeti la leo. Atakuja na msiba mwengine. Mwenye kitu cha kweli atakubali mkutane Darajani mchana, ukishike, ukinuse, ndipo utoe pesa. Namba zake mbili ninazo, anayezitaka aniandikie faragha. Na kama wewe pia kakula, niandikie tarehe na kiasi, tunataka twende polisi wengi kwa pamoja. Mpaka sasa tumefika wanne.