Kombe la Nyimbo za Ujumbe za Miaka ya 80: Nani Kabeba?

Habari zenu wana Kusini, na ninyi mnaotutazama kutoka huko kwingine. Leo mezani hakuna simu mpya. Sabufa ipo, lakini imekuja kupiga kazi, haikuja kuchambuliwa. Bidhaa ya leo ni hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera: fleshi ya GB 8, imeandikwa kwa kalamu ya maka "UJUMBE 80". Nimejaziwa nyimbo kwenye kibanda kimoja cha pale stendi, zile zilipendwa za kulia, kuonya na kusema na wakubwa. Njaa, makaburu, ukimwi, mnyonge. Sasa nikikaa hapa niwaambie huu mzuri, na huu nao mzuri, mtanifungia vioo. Kwa hiyo nimezipangia kombe. Zinaingia nane, mtoano tupu, hakuna marudiano.

Ningetamani niseme tuko uwanja wa Nangwanda Sijaona, ila ukweli tuko kijiweni Chikongola, hapa Mtwara mjini, ubavuni kwa muuza kahawa. Mwamuzi wa kati ni mimi. Vibendera ni wazee wawili wa kahawa, na kijana wa bodaboda aliyesimama kusubiri abiria akanasa. Kanuni ya mashindano naisema mapema ili mtu asije kulalamika kwenye komenti: ninachotazama ni nani anasema, na anamwambia nani. Sauti tamu ni pasi, siyo goli.

Robo fainali ya kwanza, dabi ya njaa ya Ethiopia. Band Aid ya Waingereza, Desemba 1984, dhidi ya USA for Africa, Machi 1985. Kabla timu hazijaingia, mjue mpira ulianzishwa na mtu wa huku kwetu. Picha za wenye njaa zilizoonyeshwa BBC Oktoba 1984 zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia na kusoma Dar es Salaam. Mwanamuziki Bob Geldof akaziona, akamtafuta mwenzake Midge Ure, wakatunga "Do They Know It's Christmas?", wakaurekodi London kwa siku moja. Hela ilipatikana, mamilioni ya pauni, na hilo silibezi hata kidogo.

Lakini jamani, maneno! Wameiimba Afrika kama mahali ambapo hakuna mvua, hakuna mto, hakioti kitu. Nikawatafsiria wazee. Mmoja akashusha kikombe: "Ruvuma wameupeleka wapi?" Na Desemba huku kwetu ndiyo mvua inashika, watu wako shambani wanapanda. Kadi ya njano. Halafu wanauliza kama hao watu wanajua ni Krismasi. Ethiopia ina Ukristo tangu karne ya 4, na Krismasi yao wanaila Januari 7. Njano ya pili, nje. Nani anamwambia nani hapo? Muingereza anamwambia Muingereza mwenzake, sisi tumewekwa pembeni kama picha ukutani.

Wamarekani wakapita wakiwa wamekamilika, wenzao kumi. "We Are the World" imetungwa na Michael Jackson na Lionel Richie, prodyuza mkuu Quincy Jones, imerekodiwa usiku wa Januari 28, 1985, baada ya sherehe za tuzo, waimbaji zaidi ya 40 chumba kimoja. Kisa chake nakipenda: katikati ya usiku Stevie Wonder akapendekeza waweke mstari wa Kiswahili. Ukazuka mjadala, mwimbaji mwenzao Waylon Jennings akachukua kofia yake akaondoka, na Geldof, aliyekuwepo pale, akawaambia Waethiopia hawasemi Kiswahili. Pendekezo likafa. Wazee wangu walisikitika kweli. Kwamba tulikuwa hivi karibu kuimbwa na Bruce Springsteen! Mbili bila, USA for Africa wanasonga.

Robo ya pili, dabi ya makaburu, hii ilikuwa fainali kabla ya fainali. The Special AKA na "Free Nelson Mandela" ya 1984, dhidi ya Eddy Grant na "Gimme Hope Jo'anna" ya 1988. Special AKA wanaingia na tarumbeta, hawakupi nafasi ya kukaa. Na tazameni ufundi wa mtunzi wao, Jerry Dammers: mahali wengine wangepiga hotuba, yeye anakutajia viatu. Mfungwa amepewa viatu vidogo visivyomtosha. Basi. Kitu unachoweza kukiona kwa macho. Yule kijana wa bodaboda aliangalia ndala zake. Goli safi.

Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana aliyekulia London, anacheza mpira wa chenga. Hapa Mtwara wimbo huu umepigwa harusini mara ngapi? Watu wanamchezea Joana wakidhani ni binti aliyemkataa bwana. Joana mwenyewe ni Johannesburg, yaani serikali ya makaburu, anabembelezwa na kusutwa humo humo. Serikali ile ikaupiga marufuku wimbo, kwa hiyo mhusika alielewa vizuri kwamba anasemwa yeye. Mechi ikaisha sare mbili mbili, Eddy akapita kwa penalti. Sababu yangu ni hii: Special AKA wanaupaza ujumbe hewani, yeyote asikie, Eddy amemgeukia mkosaji usoni.

Robo ya tatu, dabi ya ukimwi, na hapa kibanda cha stendi kina kesi ya kujibu. Wimbo wa Franco wa Kongo, "Attention na SIDA" (SIDA ndiyo ukimwi kwa Kifaransa) wa 1987, umekatwa katikati kwenye fleshi. Ule ni wimbo mrefu, umepita dakika kumi, wenyewe ni mahubiri, ukikata umeua. Nikautafuta mzima kwenye simu ili haki itendeke. Franco anapanga watu kwa zamu, serikali anazisema, madaktari anawasema, vijana anawasema, kila mmoja kwa fungu lake, Kifaransa na Lingala, gita likizunguka nyuma bila kuchoka. Kocha mkubwa. Lakini upande wa pili kuna mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, na "Alone and Frightened" ya 1989. Aprili mwaka ule Lutaaya alisimama hadharani akasema ana virusi, wakati ambapo mtu maarufu kusema hivyo Uganda lilikuwa jambo lisilosikika. Akazunguka mashuleni na makanisani akieleza, na Desemba 15 mwaka ule ule akafariki. Franco anaonya umati. Lutaaya anasema: mimi. Moja bila, goli la dakika za mwisho.

Robo ya nne haikunichosha. Nena wa Ujerumani na maputo yake 99 ya 1983, dhidi ya Dokta Remmy Ongala na "Mnyonge Hana Haki". Maputo yanaruka, majenerali wanadhani ni adui, vita inaanza. Ni fikra nzuri sana, ila amekutana na Remmy ugenini. Nne bila.

Nusu fainali. USA for Africa dhidi ya Eddy Grant ningeimaliza kwa sentensi moja kama siyo mzee mmoja, mwenyeji wa Nachingwea. Alikuwa kimya muda wote. Eddy ana ubeti unaosema Joana huwa anapenya mipaka ya majirani, anafanya michezo yake, hajali nani anaumia. Nilipoutafsiri, mzee akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena."

Vijana mnaotazama, Nachingwea, hapo jirani mkoani Lindi, ndiko ilikokuwa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, hadi Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Samora Machel, kiongozi wao na baadaye rais, kakanyaga vumbi lile. Uhuru ukaja, na miaka ya 80 makaburu wakawa wanawasaidia waasi wa RENAMO kuisambaratisha nchi ile. Januari 1981 makomando wao waliingia mpaka Matola, nje kidogo ya Maputo, wakaua watu wa ANC, chama cha akina Mandela. Wakimbizi wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Oktoba 19, 1986 ndege ya Samora ikaanguka Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini. Sasa mtu wa Guyana, ameketi huko Karibea, anaweka haya yote kwenye ubeti mmoja wa wimbo wa kuchezeka! Mzee akaniambia miaka yote alikuwa anauruka wimbo ule kwenye redio, akidhani ni upuuzi wa mapenzi. Wamarekani wanaimba sisi ni dunia. Eddy anajua mpaka uko wapi na nani kauvuka. Tatu moja.

Nusu ya pili ndiyo iliyoniletea matatizo. Lutaaya dhidi ya Remmy. Mcheza kwao hutunzwa, na Remmy, hata kama kazaliwa Kindu kule Kongo, ni wetu; Dar es Salaam kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy, mnataka uraia gani zaidi ya huo? Anaimba Kiswahili, sihitaji kutafsiri, kijiwe kizima kinaitikia. Magita ya Matimila, bendi yake, yakianza kujibizana, muuza kahawa mwenyewe aliacha birika akacheza. Na hapo ndipo nilipopuliza kipenga. Wanyonge tulikuwa wote pale, tunacheza, tunacheka, tunajisikia tumesemewa, na hakuna aliyeguswa peke yake. Remmy anaibeba jamii nzima mgongoni, mzigo unagawanyika. Lutaaya anakushika mkono mmoja. Nimempa Lutaaya, kura ya mwamuzi wa kati, mbili kwa moja. Wazee wakasusa, mmoja akageuza kiti akatazama barabarani.

Fainali, Eddy Grant na Philly Lutaaya. Nilijua Eddy ataanza vizuri, na alianza vizuri, moja bila kabla ya dakika ya kumi. Kwenye sabufa ile besi inapiga kifuani, sauti haikwaruzi, kama unanunua kwa ajili ya kuchezeka usinitafute mimi, nunua hiyo. Ila kuna suala la garantii. Mandela alitoka Februari 11, 1990, uchaguzi wa watu wote ukafanyika 1994, Joana akakaa pembeni. Kazi ya wimbo imekamilika. Kilichobaki ni furaha. Wa Lutaaya bado uko kazini. Dawa zipo siku hizi, kliniki zipo, lakini niambieni, mnajua wangapi wanaokwenda kuchukua dawa wilaya nyingine ili jirani asiwaone?

Nikaubonyeza. Unaenda taratibu, Kiingereza kitupu, na safari hii sikutafsiri neno, makusudi. Kijana wa bodaboda akasikiliza nusu, akauliza, "Huyu jamaa anaumwa?" Nikamjibu ndiyo. Hakuuliza ugonjwa gani. Akasema nimtumie kwa WhatsApp, na abiria alipofika akamwambia asubiri kidogo uishe.

Mbili moja. Philly Lutaaya ndiye bingwa.

Fleshi yenyewe naipa sita kwa kumi: nyimbo zimechaguliwa vizuri, ila Franco kukatwa ni kosa kubwa, na Nena wameandika "Nina". Ukienda kujaziwa, fungua kila wimbo hadi mwisho kabla hujalipa.

Na taarifa ya mwisho kutoka meza ya mashindano: wazee wamekata rufaa kuhusu nusu fainali ya Remmy, wanataka mechi irudiwe kwa wimbo mwingine. Rufaa imepokelewa. Ada ya rufaa ni kahawa na kashata kwa kijiwe kizima, na mpaka narekodi hapa haijalipwa.