Ofisi ya mshauri wa wanafunzi: nyota nne kati ya tano

Mimi ni Muislamu wa Tanga, nasoma chuo kikuu cha Kanisa Katoliki huku bara (jina nalihifadhi). Mama alihofia nitalazimishwa misa. Wapi! Ofisini anakaa sista mmoja asiyecheka ovyo, lakini Ramadhani ilipoingia alimwita mwenye kantini, akamwambia uji na tambi viwe tayari kabla ya magharibi, na wanaokula daku wapewe chupa za chai usiku. Chumba cha kuswalia kilikuwa stoo ya viti. Kidogo, ila mkeka upo na bomba la kutawadhia liko mlangoni.

Si hisani tu. Waraka wa Papa Yohane Paulo II wa 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex corde Ecclesiae, unataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe, nasi tuuheshimu Ukatoliki wa chuo. Haki bin haki.

Nyota moja naikata kwa ratiba: semina ya takwimu Ijumaa saa saba mchana! Nimeandika barua, naambiwa "inashughulikiwa". Na mwenzetu wa kiti cha magurudumu bado anabebwa ngazi za maktaba.

Mwaka wa kwanza, wahini kabla ya saa nne. Foleni si mchezo.