Stendi ya simu ya mninga kutoka Ng'ambo, Tabora: shingo imepata nafuu, kidole gumba bado

Mwanafunzi wa chuo asiye na kompyuta mpakato hufanya karibu kila kitu kwa simu: husoma vitini, hutazama mihadhara iliyorekodiwa, huandika sehemu yake ya kazi ya kikundi, na usiku hujiburudisha kwa simu ileile. Mimi ni mmoja wao hapa Tabora, na muhula uliopita nilifikia hatua ya kuamka kila asubuhi shingo ikiwa imekakamaa na maumivu yakishuka hadi bega la kulia. Ndipo nilipomwendea seremala mmoja wa Ng'ambo anayetengeneza stendi za simu kwa vipande vya mninga vinavyobaki kwenye kazi za vitanda na milango, nikanunua moja kwa shilingi 7,000. Nimeitumia kwa wiki tisa.

Kwa upande wa ufundi sina la kulalamika. Mninga ni mbao isiyopinda kirahisi, na uzito wake unaizuia stendi kurudi nyuma kila unapogusa kioo. Chini pametobolewa tundu la waya wa chaji.

Kasoro ilikuwa kimo. Stendi niliyouziwa ilikuwa na sentimita 11, na juu ya meza ya kawaida ya chumba cha kupanga simu ilibaki chini mno kuliko macho, hivyo mikono ilipumzika lakini kichwa kiliendelea kuinama vilevile. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa wima, pingili saba za shingo hukibeba bila taabu, lakini kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta muda wote kisizidi kushuka, kama mtu aliyeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo nchini Marekani, alikokotoa kwa kompyuta kwamba mzigo huo hufika kama kilo 12 kichwa kikiinama kwa nyuzi 15, na kilo 27 kwa nyuzi 60. Hizo ni hesabu za kielelezo, si vipimo vilivyochukuliwa kwenye shingo za watu, na wapo wataalamu wasiokubali kwamba kuinama peke yake ndiko kunakoleta maumivu. Hata hivyo, nilipoipandisha stendi juu ya ndoo tupu ya asali (kitu kisichokosekana katika nyumba za Tabora), tofauti niliiona ndani ya siku chache. Nilimrudia fundi, naye akaongeza miguu ya sentimita 20 kwa shilingi 2,000 tu.

Sasa naamka bila kukakamaa siku nyingi za wiki, ingawa sifa zote siwezi kuipa stendi, kwa sababu katika kipindi hichohicho nilianza pia kusimama na kunyoosha mabega kila baada ya nusu saa.

Kwa kidole gumba haina msaada wowote. Ukitaka kuandika aya ndefu unaitoa simu kwenye stendi, unaishika kwa mikono miwili na kurudia mtindo wa zamani. Maumivu yangu yako kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, mahali ambapo kano mbili hupita ndani ya ala moja nyembamba. Ala hiyo ikinenepa, kila mwendo wa gumba huuma. Fritz de Quervain, daktari wa Uswisi, aliieleza hali hiyo mwaka 1895, kwa hiyo simu haikuianzisha, ila kazi ya kuandika kwa magumba haiipunguzii chochote. Kilichonisaidia kidogo ni kuilaza simu mezani na kuandika kwa kidole cha shahada, polepole. Mwenye ganzi vidoleni au mkono unaopoteza nguvu asihangaike na stendi, aende hospitali.

Kitandani pia haifai, na huko ndiko wengi wetu tunakomalizia saa mbili za mwisho za siku.

Anayetaka kununua aketi kwanza kwenye meza anayosomea, apime kutoka mezani hadi usawa wa macho, kisha ampelekee fundi kipimo hicho. Ya kwangu ingekuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na shilingi 2,000 zingebaki mfukoni.