Biblia tatu za Kiswahili kwenye mzani wa swali moja: je, ubatizo unaokoa?

Anayetaka Biblia ya kusoma asubuhi kabla ya kazi achukue yoyote kati ya hizi tatu, itamfaa. Hapa tunazipima kwa kazi moja tu: mtu ameketi na daftari, anataka kujua kama Mkristo anaweza kuokolewa bila kubatizwa, na hajui Kigiriki. Zilizo mezani ni Union ya mwaka 1952, Habari Njema iliyotokana na ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, na Neno.

Hukumu kwanza, kwa wenye haraka. Ukinunua moja, nunua Union yenye marejeo pembeni. Ukinunua mbili, ongeza Habari Njema. Neno ndiyo nyepesi kwa msomaji mpya, ila kwenye mistari ya ubatizo mara nyingi huishia karibu sana na Union, kwa hiyo haikuongezei mengi ya kulinganisha.

Sababu ya kulinganisha ni kwamba Kiswahili hakimwachii mfasiri nafasi ya kujificha. Kigiriki kinaweza kupanga maneno matatu na kumwachia msomaji aamue lipi linashikana na lipi. Kiswahili kina ngeli. Ukisema kitu "kinaleta" msamaha, lazima kiambishi kitaje ni kitu gani. Mfasiri akishaandika kiambishi hicho, amekwisha kuchagua upande, na msomaji hana habari.

Fungua Marko 1:4 katika Union. Yohana anahubiri "ubatizo wa toba liletalo ondoleo la dhambi". Tazama hiyo li-. Ubatizo uko ngeli ya u-. Kama ubatizo ndio ungeleta ondoleo, tungesoma "uletao". "Liletalo" linarudi kwenye toba. (Leo wengi wangeandika "toba iletayo", lakini Union imelitia neno hilo kwenye ngeli ya li-.) Basi kwa herufi mbili tu Union imesema kuwa toba ndiyo iletayo msamaha, ubatizo ni wa toba hiyo. Kigiriki hakina kitenzi "kuleta" hapo kabisa. Kina "eis aphesin hamartion", yaani kuelekea ondoleo la dhambi, na maneno hayo yanaweza kushikana na toba, na ubatizo, au na vyote viwili kwa pamoja. Luka 3:3 Union imefanya vilevile.

Sasa fuatilia maneno hayohayo matatu ya Kigiriki mahali pengine ndani ya Union hiyohiyo. Mathayo 26:28, damu ya agano inamwagika "kwa ondoleo la dhambi". Matendo 2:38, watu wabatizwe "mpate ondoleo la dhambi zenu". Liletalo, kwa, mpate: tafsiri tatu za kifungu kimoja. Hatuwalaumu wafasiri, maana kila mahali Kiswahili kimekaa vizuri. Lakini anayejenga fundisho juu ya "mpate" ya Matendo 2:38 bila kujua kuwa ni neno lilelile la Marko 1:4 anajenga juu ya mkono wa mfasiri.

Matendo 2:38 ndio mstari unaogombewa zaidi, na hapa Habari Njema inaishinda Union waziwazi. Union inasema "Tubuni mkabatizwe kila mmoja". Habari Njema inasema "Tubuni na kila mmoja wenu abatizwe". Waweza kudhani ni tofauti ya mtindo tu. Sivyo. Katika Kigiriki "tubuni" ni wingi, nafsi ya pili; "abatizwe" ni umoja, nafsi ya tatu; kisha "dhambi zenu" inarudi kwenye wingi. Wanaosema msamaha umefungwa kwenye toba na si kwenye maji huanzia hapohapo: wingi hushikana na wingi. Wanaowapinga hujibu kuwa "kila mmoja wenu" tayari inawabeba wale wengi, kwa hiyo hoja haina nguvu. Hoja hiyo, iwe nzuri au mbovu, msomaji wa Union haioni kabisa, kwa sababu "mkabatizwe" imekwisha kusawazisha nafsi. Msomaji wa Habari Njema anaiona bila kufundishwa.

Kuna na suala la "eis" yenyewe. Wengine husema katika mstari huo maana yake ni "kwa sababu ya": mbatizwe kwa kuwa mmekwisha kusamehewa. Ushahidi wanaoupenda ni Mathayo 12:41, watu wa Ninawi walitubu "kwa mahubiri ya Yona", ambapo Kigiriki kina "eis". Mwaka 1951 na 1952 J. R. Mantey na Ralph Marcus walijibizana juu ya jambo hili katika jarida la kitaalamu. Mantey alitetea maana ya "kwa sababu ya". Marcus akapitia mifano yake na kuona haithibitishi. Biblia zetu zote tatu zimetafsiri kwa maana ya lengo, yaani "mpate" au "ili mpate", na kwa maoni yetu zimefanya sawa. Mathayo 26:28 haiwezi kusomwa "damu imemwagika kwa sababu dhambi zimekwisha kusamehewa", na maneno ni yaleyale. Mwenye kutaka kukana kuwa ubatizo ni wa lazima ana hoja zenye nguvu zaidi kuliko hii.

Yohana 3 ni mahali pengine pa kupimia. Neno "anothen" katika mstari wa 3 lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu", na mazungumzo yote ya Nikodemo yanategemea utata huo. Union inasema "mara ya pili", Habari Njema "upya". Zote zimeshika upande mmoja na kuacha ule wa "kutoka juu". Kwenye mstari wa 5 Union ina "kwa maji na kwa Roho", Habari Njema "kwa maji na Roho". Kigiriki kina kihusishi kimoja kinachobeba vyote viwili. Ile "kwa" ya pili katika Union inamfungulia mlango msomaji anayetaka maji yawe kuzaliwa na mama na Roho awe kuzaliwa kiroho, matukio mawili. Habari Njema inabakisha tukio moja, na hivyo ndivyo mababa wa kanisa la kale walivyousoma mstari huu walipouhusisha na ubatizo. Hapa tena Habari Njema.

Mbona basi tunaipendekeza Union kwanza? Kwa sababu ya mahali ambapo Habari Njema inaeleza badala ya kutafsiri. Warumi 6:3 Union: "tuliobatizwa katika Kristo Yesu tulibatizwa katika mauti yake". Habari Njema inaongeza wazo la kuungana na Kristo na kuungana na kifo chake. Ni ufafanuzi mzuri, lakini kama swali lako ni hili hasa, yaani ubatizo unamwunganisha mtu na Kristo au unaonyesha muungano uliokwisha kuwepo, jibu limetiwa ndani ya swali. Union inakuachia "katika" tupu, uhangaike nayo mwenyewe. Kwa utafiti, hicho ndicho unachotaka.

1 Petro 3:21 ni mtihani mgumu kuliko yote, na hakuna iliyopata alama zote. Union: ubatizo "unaowaokoa ninyi pia siku hizi", si kwa kuondoa uchafu wa mwili, "bali jibu la dhamiri safi mbele za Mungu". Habari Njema na Neno zina "ahadi" badala ya "jibu". Neno la Kigiriki ni "eperotema", na kitenzi lilikotoka maana yake ni kuuliza au kuomba. Tofauti si ndogo. Ukisoma "jibu", mbatizwa anaitikia jambo lililokwisha kutendeka moyoni. Ukisoma "ahadi", anaapa. Ukisoma "ombi", anamwomba Mungu dhamiri safi palepale majini, na hapo ubatizo unakaribia sana kuwa wakati wa kuokolewa. "Ombi" haimo katika yoyote kati ya hizi tatu. Iandike pembeni kwa penseli.

Kasoro moja ya Union huwapotosha wengi bila wao kujua, nayo ni kauli za kitenzi. Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Waefeso 2:8: "mmeokolewa kwa neema". Kigiriki ni kitenzi kimoja katika kauli ya kutendwa: yuko anayeokoa. Lakini "kuokoka" ni kauli ya kutendeka, haina mtenda, na katika mazungumzo ya makanisa mengi imekuwa jina la tukio: "ameokoka mwaka fulani". Basi msomaji anaposoma Marko 16:16 anasikia tukio hilo, si hukumu ya mwisho inayotajwa na nusu ya pili ya mstari. Soma "ataokolewa" kichwani mwako na mstari unatulia. Angalia pia kuwa nusu ya pili haitaji ubatizo: kinachohukumisha ni kutoamini. Wanaokana ulazima wa ubatizo hutegemea ukimya huo. Wengine hujibu kuwa asiyeamini hangebatizwa hata hivyo, hapakuwa na haja ya kutaja.

Kabla ya kulipia nakala yoyote, ifungue papo hapo kwenye Marko 16:9. Kodeksi Sinaiticus na Vaticanus, nakala za kale za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, zote za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, kwa hiyo 16:16 haimo. Nakala nzuri itakuonyesha hilo kwa mabano au tanbihi. Kama ukurasa uko kimya, nakala hiyo ni ya kusomea ibadani, si ya kazi hii. Biblia za sauti zina tatizo hilohilo: mabano hayasikiki.

Ukitumia programu ya simu, usitafute "ubatizo". Utakosa Matendo 8:36, "ni nini kinachonizuia nisibatizwe", na Matendo 22:16, "ubatizwe, ukaoshe dhambi zako". Andika mzizi "batiz". Programu inayotafuta maneno kamili tu itakulazimu kujaribu umbo moja moja: kubatizwa, akabatizwa, wakabatizwa, mkabatizwe. Hata ukimaliza yote, mistari mizito zaidi haina mzizi huo: Yohana 3:5 na Waefeso 5:26 zina "maji", 1 Wakorintho 6:11 ina "mlioshwa", Tito 3:5 ina "kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili". Hapa ndipo marejeo ya pembeni ya Union yanapolipa, kwa sababu yanafuata wazo, si herufi. Mwenye itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yake) yenye namba za Strong, ambazo kila neno la Kigiriki limepewa yake, aanze na 907 (batiza), 1519 (eis) na 1906 (eperotema), atafika mbali.

Kuna mambo ambayo tafsiri zote tatu zinakubaliana, kwa hiyo hayahitaji kulinganishwa. Mnyang'anyi msalabani aliahidiwa pepo bila maji. Nyumbani kwa Kornelio Roho alishuka kabla ya ubatizo, Matendo 10:44-48, lakini Petro akaamuru wabatizwe vilevile. Samaria, Matendo 8:14-17, walibatizwa kwanza, Roho akaja baadaye. Paulo anasema hakutumwa kubatiza, 1 Wakorintho 1:17, na katika mistari hiyohiyo anataja aliowabatiza.

Makanisa yamesoma maandiko hayohayo yakatoka na majibu tofauti. Ungamo la Augsburg la Walutheri la mwaka 1530, kifungu cha 9, linasema ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Ungamo la Westminster la 1646, linalofuatwa na Wapresbiteri, linasema kuudharau ni dhambi kubwa, ila neema haikufungwa nao kiasi kwamba asiyebatizwa hawezi kuokolewa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1257, inafundisha kuwa Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Namba 1258 na 1259 zinaongeza ubatizo wa damu (wa aliyeuawa kwa ajili ya imani kabla ya kubatizwa) na wa shauku (wa aliyekufa akiutamani ubatizo). Wabatisti huuita agizo la kutii baada ya kuokolewa. Ukijua kanisa lako liko wapi, utajua ni mstari upi unaoruka ukisoma haraka. Anza na huo.

Habari Njema huchapishwa pia ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti hawavihesabu. Kwa swali hili havikupi mengi, lakini nakala hiyo ni nene, na karatasi yake mara nyingi huwa nyembamba kiasi kwamba wino wa kalamu unatokea upande wa pili. Tumia penseli.