EXPLAIN ANALYZE ya PostgreSQL: maoni ya mtunza mfumo wa duka la jumla, Ngamiani

Natunza mfumo wa mauzo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga. Tunauza nondo, mabati, misumari, rangi, na saruji ya Simba inayotoka hapo Pongwe. Wateja wetu wakubwa ni wenye maduka wa Pangani, Muheza na Korogwe, wanaochukua mzigo kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Kwa hiyo karatasi inayoulizwa kuliko zote pale kaunta ni taarifa ya deni. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na amri ninayotaka kuizungumzia imo ndani yake bure: EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha hifadhidata ilivyotafuta jibu na muda iliotumia. Naona wenzangu wengi wa mifumo wanayo kwenye mashine zao na hawajawahi kuigusa.

Taarifa ya deni ya mteja mkubwa ilikuwa ikichukua karibu dakika nzima. Lori limeshapakiwa, dereva anataka kuwahi barabara, Mzee mwenye duka anaita kutoka ndani: "Mwanangu, hiyo karatasi vipi?" Fundi aliyetuuzia kompyuta alishatoa hukumu yake kwamba seva imechoka, inunuliwe mpya, na Mzee alikuwa tayari kutoa hela. Nilimwomba asubiri kwanza tuiulize hifadhidata yenyewe.

Nilianzia pg_stat_statements. Hii ni nyongeza inayokuja na PostgreSQL, ila lazima uiandike kwenye mpangilio wa shared_preload_libraries na kuiwasha seva upya, kisha utoe amri ya CREATE EXTENSION. Baada ya hapo inahesabu kila kweri (ombi linalotumwa kwa hifadhidata): imeitwa mara ngapi, imekula muda gani kwa jumla, na kwa wastani. Ushauri wangu ni kupanga kwa muda wa jumla kabla ya wastani. Kwetu, kweri iliyokuwa juu kabisa ilikuwa na wastani wa sekunde moja na ushee tu, kitu ambacho kwa jicho la haraka ungekiruka. Lakini programu ilikuwa ikiiita tena na tena, ankara moja baada ya nyingine, mpaka deni la mteja likamilike. Mteja mwenye ankara arobaini analipia sekunde hiyo mara arobaini.

Sasa EXPLAIN ANALYZE. Unaiweka mbele ya kweri yako, na hifadhidata inakuonyesha njia iliyopita, makadirio yake kabla ya kuanza, na kilichotokea kweli. Kweri yetu ilikuwa nyepesi: nipe bidhaa zote zenye namba hii ya ankara. Jibu likasema Parallel Seq Scan kwenye jedwali la bidhaa za ankara, na chini yake: Rows Removed by Filter: 703118. Yaani kupata bidhaa tisa za ankara moja, ilipekua jedwali zima, kama mtu anayetafuta risiti ya jana kwa kufungua vitabu vyote vya risiti tangu duka lianze.

Hapa ndipo wengi wanapotezwa. Pembeni yake pameandikwa loops=3. Namba hiyo ya mistari iliyotupwa, idadi ya mistari na muda, vyote ni wastani wa kila mzunguko. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa watendaji watatu, kwa hiyo mistari iliyotupwa ni zaidi ya milioni mbili. Kwenye Nested Loop (kuunganisha majedwali kwa kurudia hatua kwa kila mstari) ni hivyohivyo: ukiona hatua imechukua milisekunde 0.2 na loops=50000, hiyo ni sekunde kumi. Naihesabu hii kuwa kasoro kubwa ya zana hii. Jumla ilipaswa kuandikwa waziwazi pale pale, maana mgeni anasoma 0.2 na kupita.

Kwa nini hapakuwa na indeksi, ile orodha inayoelekeza mistari ilipo bila kupekua jedwali zima? Aliyeujenga mfumo aliweka foreni kii (kiungo kinacholazimisha kila bidhaa iwe na ankara iliyopo) kutoka bidhaa kwenda ankara, na watu wengi hudhani hiyo inatosha. PostgreSQL inakudai indeksi upande wa jedwali linaloelekezwa, lakini upande unaoelekeza haikutengenezei. Waliotoka MySQL ndio hasa wanaokwama hapa, kwa sababu InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, huitengeneza yenyewe.

Niliunda indeksi ya kawaida ya B-tree kwenye safu ya namba ya ankara. Muundo huo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo sijaona kitu kinacholipa haraka kama huo. Kabla ya indeksi, mstari wa Buffers, unaohesabu kurasa za data zilizosomwa, ulionyesha kurasa kama elfu ishirini na sita, kila moja ya kilobaiti 8, yaani megabaiti mia mbili na kitu kwa ankara moja. Baada ya indeksi: shared hit=4. Kurasa nne! Muda ukashuka chini ya milisekunde moja, kwenye mashine ileile iliyoitwa imechoka. Dada wa kaunta alibonyeza mara ya pili akidhani taarifa imekatika njiani.

Kuna jambo jingine zana hii ilifichua ambalo nisingelitafuta. Kufuta ankara iliyokosewa nako kulikuwa kuzito. Nilifanya EXPLAIN ANALYZE ya DELETE, na mpango wenyewe ukaonyesha muda mdogo mno, lakini chini kabisa palikuwa na mstari wa Trigger for constraint uliobeba karibu muda wote. Ni hifadhidata inayakagua yale yale mamilioni ya mistari, kuhakikisha hakuna bidhaa iliyobaki bila ankara. Indeksi ile ile ikaponya na hili. Ila angalieni sana: ANALYZE inaitekeleza kweri kweli. Ankara itafutika. Tanguliza BEGIN, maliza na ROLLBACK inayorudisha kila kitu kilivyokuwa.

Namba ninayoithamini kuliko zote ni tofauti kati ya mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana. Ikikadiria mstari mmoja ikapata elfu arobaini, usikimbilie indeksi, mara nyingi takwimu zake kuhusu data ya jedwali zimepitwa na wakati. Kwa kawaida autovacuum, kazi ya usafi inayojiendesha yenyewe ndani ya PostgreSQL, huzisahihisha mabadiliko yakifika asilimia 10 ya jedwali na mistari 50 juu yake. Kwenye jedwali la milioni mbili hiyo ni zaidi ya laki mbili, kwa duka kama letu ni kusubiri sana. Nimeshusha kiwango hicho kwa jedwali hilo peke yake, na baada ya kupakia data nyingi kwa mkupuo natoa mwenyewe amri ya ANALYZE peke yake, bila EXPLAIN, inayosasisha takwimu hizo.

Kasoro nyingine ni kwamba haikwambii uunde indeksi gani. Inakuonyesha kidonda, dawa utaitafuta. Ripoti yetu ya mauzo ya siku ilikuwa na indeksi ya tarehe na bado ikapita Seq Scan, kwa sababu mwandishi aliifunika safu kwa kitendaji cha date(), na indeksi ya safu yenyewe haikuweza kutumika. Nilibadilisha iwe kuanzia leo saa sita usiku hadi kabla ya kesho saa sita usiku, indeksi ikatumika. Zana ilionyesha dalili, kujua sababu kunataka uzoefu. Na ile namba ya cost si milisekunde wala si shilingi, ni kipimo chake cha ndani cha kulinganisha njia.

Kwa duka lenye mistari elfu chache, sioni haja ya kuhangaika, kila kitu kitakuwa haraka hata bila indeksi. Kwa anayetunza data ya miaka, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya ile loops. Toleo la 18 linaonyesha Buffers bila kuombwa, kwa matoleo ya nyuma andika BUFFERS mwenyewe, usiiache.

Ukiamua kuunda indeksi saa za kazi, tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, maana ile ya kawaida inazuia kuandika kwenye jedwali mpaka imalize na kaunta itasimama. Ikikatika katikati itaacha indeksi iliyoandikwa INVALID. Ifute, uanze upya.