TAHADHARI: Tapeli wa "busta ya gemu" anazunguka majumbani Dar

Wadau, nimeingizwa mjini. Mimi huyu huyu, mtoto wa Dar, niliyekuwa nawacheka watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ningekaa kimya kulinda heshima, ila jamaa bado anazunguka na wengi wenu mnacheza PS (PlayStation) mtandaoni. Bora mnicheke.

Baada ya yale ya nusu fainali ya gemu yetu (sirudii, wahusika mnajua, na wewe unayejijua acha kunitumia zile stika) nilikuwa natafuta dawa ya lagi, yaani gemu kuchelewa kuitikia unapobonyeza, kwa udi na uvumba. Ndipo nikaona tangazo kwenye stetasi: "Busta ya gemu, ping 5 popote ulipo. Usipoona tofauti hulipi." Ping ni milisekunde ambazo ujumbe wa gemu unatumia kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi; ikiwa ndogo, lagi hakuna. Na hulipi! Nani angeipita hiyo?

Na msidhani nilimwamini hivi hivi. Jamaa anaijua lugha ya kazi. Kwenye simu aliniuliza ruta iko chumba gani, PS iko chumba gani, katikati kuna kuta ngapi, ni za tofali au mbao. Maswali ya fundi kabisa. Halafu akaniuliza, "Kaka, unaikumbuka Mei 2024 intaneti ilivyozima?" Nani asiyeikumbuka? Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika huko baharini, nchi nzima ikabaki kuangalia kiduara kinazunguka. Akasema tangu siku ile makampuni yanabana njia ya gemu ili video zipite, na kifaa chake kinaruka hiyo foleni. Ndivyo anavyofanya: anatanguliza jambo la kweli, uongo unafuata nyuma kama tela.

Akaja mchana, siku ya kazi. Kashuka kwenye boda na begi la laptop, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kavua viatu mlangoni, kampa mama shikamoo yake, soda kaikataa, eti akiwa kazini hanywi. Hapo mama alishampenda.

Neno lake la kwanza ndani: "Kaka, tuzime kwanza hiyo tivi ya sebuleni, na simu zote zitoke kwenye Wi-Fi. Sifungi mashine kwenye mtandao uliochafuka." Mdogo wangu alikuwa anaangalia YouTube, akanuna, nikamfokea mbele ya mgeni. Hapo pa kuzima tivi pashikeni, nitaparudia.

Akatoa kiboksi cheupe kinachoenea kiganjani, antena mbili, stika nyekundu imeandikwa GAMING 5G. Akakichomeka kwenye ekstensheni pembeni ya PS, taa za bluu zikawaka. Akaomba simu. Simu yangu, si yake. Akaingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, pale panapoonyesha spidi ya muunganisho: 39 Mbps. Akaniunganisha kwenye jina jipya la hicho kiboksi, akafungua tena pale pale: 144. "Umeona mwenyewe, kaka. Zaidi ya mara tatu." Nimeona kwa macho yangu, kwenye simu yangu! Ungekuwa wewe ungebisha nini?

"Haya, washa mechi." Nikaingia FC, lile gemu la mpira, upande wa Rivals wa kushindana mtandaoni, mpinzani akapatikana. Mpira unatembea. Nabonyeza pasi, pasi inaondoka. Nageuka na beki mgongoni, mchezaji anageuka papo hapo, haigandi, haisiti. Nikafunga goli kabla ya dakika ya 20, na jamaa amesimama nyuma yangu, mikono kaikunja, anatikisa kichwa polepole: "Kaka, wewe ni mchezaji. Ulikuwa unaonewa na mtandao tu."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonimaliza. Muda wote nyie mnaniita kibonde, leo mgeni ananiambia nilikuwa naonewa. Ningempa hata godoro.

Ikatoka 180,000. Sijakaa sawa, akaniambia kuna "DNS ya siri" wanayotumia mapro, kwa watu wengine anaiweka kwa 80,000, kwangu 40,000 kwa kuwa mama kanipokea vizuri. Nikatuma. Akashika padi, akaingia kwenye mipangilio ya PS, kisha akaniomba nigeukie pembeni akiandika zile namba kwa sababu ni siri ya ofisi. Na nikageuka, wadau. Nikaangalia pazia la chumba changu mwenyewe. Nilipokuja kufungua baadaye nakuta 8.8.8.8. Hiyo ni DNS ya Google, ya bure, na kazi yake ni kutafuta anwani za majina ya tovuti. Mechi ikishaanza haikusaidii chochote.

Usiku tivi imewashwa, dada anaongea kwa video na shemeji aliyeko Muscat, mimi nikaingia uwanjani. Lagi ikarudi na ukoo wake wote. Kipa anaruka baada ya mpira kutinga wavuni. Nikampigia. "Ipe muda, kaka, izoee nyumba." Kesho yake hapokei. Keshokutwa yake nimekula bloku.

Binamu yangu wa kompyuta ndiye aliyebandua ile stika kwa kucha. Chini yake pameandikwa Wireless-N Repeater, 2.4 GHz, yaani kiboksi cha kurudia Wi-Fi tu. Hiyo 5G ilikuwa ya stika. Kariakoo vinauzwa kama elfu thelathini, na wala havijifichi. Akanieleza kwamba ile 144 ilikuwa spidi ya simu na kiboksi kilicho mita moja kutoka mkononi mwangu, si spidi ya intaneti. Kiboksi chenyewe kinapokea kutoka kwa ruta Wi-Fi ile ile iliyochoka kwa kuta, na kwa kuwa kinasikiliza na kusema kwa masafa yale yale, karibu nusu ya spidi inapotelea hapo hapo. Kumbe mechi ya mchana ilinyooka kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imezimwa! Ingenyooka hata angechomeka pasi ya nguo.

Na hiyo "ping 5" ndiyo iliyonifanya nijisikie vibaya zaidi nilipopigiwa hesabu. Tuseme seva iko London: kutoka Dar ni kama kilomita 7,500. Mwanga ndani ya fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu, kwa mstari ulionyooka, ni milisekunde 75. Hata seva ikiwa Johannesburg huwezi kushuka chini ya kama 25. Hakuna kiboksi cha ukutani kinachosogeza mabara.

Tulivuta waya wa LAN, Cat5e, ukapita darini kutoka kwenye ruta hadi kwenye PS, na mechi zinachezeka. Gharama yake siitaji, nitalia.

Dalili zilikuwepo, sikatai: hana duka, risiti ya EFD hana, jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke, na anataka vitu vizimwe kabla ya kujaribu. Basi, akili kumkichwa. Ila mimi hasira zangu ziko kwingine. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na huyu mtu anaweka stetasi kila asubuhi kama mchungaji! Afungwe. Kabla ya kufungwa arudishe hela za watu, na kabla ya kurudisha akalishwe kwenye banda la PS, acheze kwa kiboksi chake mwenyewe saa mbili usiku, watoto wa mtaa wamfunge saba bila na kila mmoja amwite "kaka, wewe ni mchezaji".

Jana kwenye simu ya dada nimeiona stetasi yake mpya. Bei imepanda, sasa ni 220,000. Dada kamwandikia kwamba anaitaka kwa ajili ya mwanawe, na jamaa kajibu ndani ya dakika moja. Anakuja Jumamosi saa nane, Tabata. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwambia, na askari mmoja atakuwepo, kwa hiyo asije mtu na fujo zake. Tivi ya sebuleni itakuwa imewashwa.