The Grapes, Limehouse: baa ya Ian McKellen ukingoni mwa Thames

Baba alipokuja London kunitembelea, sikumpeleka kwenye kasri la mfalme. Nilimpeleka Narrow Street, Limehouse, kwa sababu mmoja wa wenye baa ya The Grapes ni Ian McKellen, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa Tanga. Ujanani aliigiza Shylock katika Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na maneno yale anayo kwa ghibu hadi leo.

Ni kijumba chembamba cha miaka ya 1720, mbao kila upande, kwa hiyo wahi mchana. McKellen aliingia ubia hapo 2011. Nyuma ya kaunta imewekwa fimbo ya Gandalf, mchawi aliyemwigiza katika filamu za The Lord of the Rings, na vijana walikuwa wakiipiga picha. Baba aliitazama kwa adabu, kisha akaniuliza, "Na Macbeth aliigizia wapi?" Alimaanisha mchezo mwingine wa Shakespeare.

Nikamsimulia tukisubiri chakula. Kazaliwa Burnley 1939, vita viko mlangoni. Chuo cha uigizaji hakupita. Alisoma Cambridge, akacheza michezo na wanafunzi wenzake, na 1961 akapata kazi yake ya kwanza ya jukwaani huko Coventry. Macbeth ilikuwa Stratford-upon-Avon, 1976, yeye na Judi Dench, katika ukumbi mdogo ambao mtazamaji karibu anamgusa mwigizaji. Gandalf alimkuta na miaka 60 na ushee. Halafu 2019, alipotimiza miaka 80, akazunguka kumbi 80 akiwa peke yake jukwaani, mapato akayatoa kusaidia sanaa hiyo hiyo. Hapo Baba akaweka uma chini. "Themanini? Peke yake?"

Samaki alikuwa mzuri sana: ganda kavu linalovunjika ukiligusa, nyama nyeupe bado inafuka moshi, chipsi nene, njegere za kupondwa. Baba hanywi pombe, akaletewa soda ya tangawizi yenye kipande cha ndimu, na hakuna aliyemshangaa.

Msikose kibaraza cha nyuma, kimejengwa juu ya mto wenyewe. Maji yalikuwa yanajaa, yanapiga ukuta chini ya miguu yetu, na mbele yetu sanamu ya mtu imesimama juu ya nguzo katikati ya maji. Baba akashika ukingo, akakohoa kidogo, akaanza maneno ya Shylock kwa Kiswahili, sauti yote. Dada aliyekuja kukusanya glasi alibaki amesimama mlangoni na trei yake mpaka mzee alipomaliza.